Dar es Salaam kwa mwenye daftari: pa kwenda, saa ya kwenda na cha kukusanya

Mtu aliyehamia Dar es Salaam juzi ana kitu ambacho mwenyeji wa miaka ishirini ameshakipoteza: bado anasikia. Anasikia vikombe vya muuza kahawa vikigongana, anaona mistari ya rangi ubavuni mwa daladala, anajiuliza kwa nini ghorofa kuukuu la Kisutu lina mwaka ulioandikwa kwa lipu juu ya dirisha. Akishazoea, mistari ile itamwambia apande au asipande, basi. Kwa anayeandika, anayechora, anayebuni nguo au mabango, au anayetunga muziki, miezi ya ugeni ni ya kufanyia kazi, na kazi hiyo ina utaratibu wake.

Wengi huharibu mwanzoni kabisa kwa kutoka nyumbani "kutafuta wazo". Ukitoka hivyo utarudi na picha mia mbili za mawio ya Coco Beach ambazo hutazigusa tena. Mtaani hakuna mawazo, kuna vitu: herufi, milio, mishono, namna watu wanavyojibizana. Wazo huja baadaye, mezani, pale vitu viwili visivyojuana vinapokutana kwenye ukurasa mmoja. Kwa hiyo toka ukiwa umeshaamua ni kitu gani kimoja utakusanya siku hiyo. Herufi tu. Milango tu. Maneno ya makonda tu. Njia isizidi kilometa mbili na muda usizidi saa moja na nusu, kwa sababu joto na unyevu wa Dar humaliza umakini kabla ya miguu. Irudie njia hiyohiyo kwa saa tofauti kabla ya kuhamia nyingine. Kariakoo ya saa moja asubuhi, wapagazi wakishusha marobota, si Kariakoo ya saa kumi jioni.

Vifaa ni vichache. Daftari dogo linaloingia mfukoni, lenye jalada gumu ili uandike umesimama. Peni ya kawaida ya wino mzito, maana penseli laini hupakazika mkono ukitoka jasho, na Dar mkono utatoka jasho tu. Ukipenda rangi za maji, chukua karatasi ya gramu 200 au zaidi. Nyembamba hujikunja, na wakati wa masika rangi hukauka polepole mno hata ukurasa wa pili ukaingia juu ya wa kwanza. Weka daftari kwenye mfuko wa nailoni wa kufunga. Simu inatosha kwa picha na sauti, lakini ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi subiri kama dakika kumi kabla ya kupiga, la sivyo kioo cha kamera kina ukungu na picha zote zitakuwa na utusitusi. Ishike upande wa ukutani, si wa barabarani: vibaka wa pikipiki hawasimami. Na beba sarafu na noti ndogo, kwa sababu mahali pazuri pa kukaa ni pale ulipolipia kitu.

Kuhusu mwanga. Dar iko chini kidogo ya ikweta, kwa hiyo jua hupanda haraka na kushuka haraka. Mwanga wa ubavuni, ule unaotoa nakshi ukutani, upo kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi, kisha kuanzia saa kumi na nusu hadi karibu saa kumi na mbili na robo jioni. Mchana vivuli hufa. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri linapita juu kabisa ya utosi, na nguzo iliyosimama wima haina kivuli cha kuonekana. Siku hizo chora vitu bapa: vibao, kanga zilizotandazwa, rangi za kuta. Usihangaike na majengo.

Posta na Kisutu: kusoma kuta

Anzia kwenye sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora. Imesimama pale tangu mwaka 1927, ikikumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake palikuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Wapita njia wengi hawajui kwamba chini yake kuna maandishi ya Kiswahili na Kiingereza. Nakili Kiswahili chake kwa mkono, herufi kwa herufi. Usipige picha. Mkono ukinakili, jicho linalazimika kuona sentensi ya zamani ilivyojengwa, nini kimetangulia, nini kimeachwa.

Kutoka hapo ingia mitaa ya Kisutu, ya Jamhuri, Libya na Indira Gandhi. Tazama juu ya usawa wa ghorofa ya kwanza, kwa sababu chini kote kumebadilishwa na vioo na mabango. Juu utakuta majengo ya wafanyabiashara wa Kihindi ya kabla ya uhuru: kona zilizoviringwa, vibaraza vyenye matundu ya saruji ya kupitisha hewa, na kwenye ukingo wa juu mwaka wa kujengwa, pengine na jina la mwenyewe. Kazi ya siku hiyo ni matundu ya hewa tu. Chora tundu moja, si ukuta mzima, kisha andika linajirudia mara ngapi kwa mlalo na kwa wima. Kwa mbunifu wa vitambaa hiyo ni ruwaza tayari. Usiahirishe, majengo haya yanabomolewa kupisha maghorofa.

Katika njia hii utakutana na neno "hapana". Mtu anayesimama mbele ya duka akiandika-andika anafanana sana na ofisa wa kodi au wa manispaa, na mwenye duka hana sababu ya kukupenda. Salimia kwanza, ueleze, kisha ndipo utoe daftari: "Shikamoo mzee. Naomba nisimame hapo pembeni nichore kibao chako, dakika kumi tu, sitazuia wateja." Kwa kijana mwenzio, "Kaka, habari za kazi?" inatosha. Akikataa, shukuru na usogee. Ukimaliza mwonyeshe mchoro. Mara nyingi hapo ndipo anaanza kueleza nani alikiandika kile kibao na lini.

Vibao vyenyewe ni hazina inayokwisha. Vya saluni, gereji, vinyozi na mama ntilie vilikuwa vikiandikwa kwa brashi. Sasa vingi ni turubai la plastiki lililochapwa kwa kompyuta. Tafuta vilivyobaki Ilala, Buguruni, Temeke na Manzese. Lengo ni kutoka na herufi A hadi Z, kila moja kutoka kibao tofauti. Angalia kivuli cha herufi kimepakwa upande gani, na fundi amefanya nini alipoishiwa nafasi: herufi za mwisho hubanana, au neno hushuka mstari wa pili bila huruma. Kwa karibu unaweza kuona mistari ya penseli au chaki aliyoipima kabla ya kupaka. Q na X ni ngumu kupata. Jaribu maduka ya vipuri na ya simu.

Mtaa wa Uhuru: kanga

Ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya jiji hili kwa mwandishi, ningechagua maduka ya kanga ya Mtaa wa Uhuru, kuanzia upande wa Mnazi Mmoja. Nenda asubuhi maduka yakishafunguliwa na kabla wateja wa jumla hawajajaa. Jumapili mengi hufungwa.

Kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji katikati, na jina chini ya mji. Ukubwa wake ni karibu sentimeta 150 kwa 110, na huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili. Hiyo inakupa zoezi la vipimo lisilohitaji kubuni chochote: kata karatasi ya sentimeta 15 kwa 11, pima pindo la kanga halisi kwa rula, gawanya kwa kumi, chora. Utagundua pindo linakula nafasi kubwa kuliko ulivyodhani, na ndilo linalobeba kanga ikishavaliwa, kwa sababu mji unakunjwa na kupotea kwenye mikunjo. Anayeanza kubuni hujaza mji kwa mapambo na kulidharau pindo, na kanga yake ikifungwa kiunoni haionekani kitu. Rangi ni chache kwa makusudi. Zihesabu kabla ya kuziiga. Angalia pia ukingoni, ambako viwanda huchapa alama yao na namba ya toleo kwa maandishi madogo.

Halafu jina. Kwa kawaida ni mstari mmoja wa herufi kubwa, maneno manne hadi saba. "Hasidi hana sababu" ni matatu tu. Tazama linavyofanya kazi: hakuna anayetajwa, hakuna kosa linaloelezwa, lakini jirani aliyekusudiwa akiiona imevaliwa uani anajua. Jina zuri linaacha mlengwa nje ya sentensi. Nakili majina kumi dukani (kwa ruhusa, na ukinunua angalau doti moja ruhusa inakuja yenyewe), kisha ukifika nyumbani yapange kama mazungumzo ya wanawake wawili wasiosemeshana ila kwa kanga. Jina la kwanza linachokoza, la pili linajibu, la tatu linazidisha. Kufikia la kumi utakuwa na mgogoro mzima na hujaandika sentensi yako hata moja. Baada ya hapo andika majina matano yako mwenyewe. Yatakayoshindwa yatashindwa kwa sababu moja kati ya mbili: yanaeleza mno, au yanatoa nasaha kama bango la serikali.

Ukiwa Kariakoo tazama pia paa la soko kuu, kazi ya msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975: miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, ikipokea mvua na kuiteremsha kupitia nguzo. Moto wa Julai 2021 uliunguza soko hilo. Kwa mchoraji, mchongo wa mwavuli mmoja tu ni somo la asubuhi nzima.

Masikio

Wauzaji wa Dar wanaotembea hawapigi kelele sana, wanagonga. Muuza kahawa hugonganisha vikombe, muuza karanga na sigara hutikisa sarafu kiganjani, mpakaji wa rangi za kucha hugonga chupa kwa chupa, mng'arisha viatu hupiga kiboksi kwa mgongo wa brashi. Kila mmoja ana mapigo yake, na mwenyeji hutambua nani anapita bila kuinua kichwa. Yaandike kwa nukta na mistari: nukta kwa pigo fupi, mstari kwa kimya. Fanya hivyo kabla ya kurekodi, kwa sababu rekodi ya simu mtaani hunasa bodaboda kwanza na vikombe baadaye. Ukirekodi, simama ukutani, geuza mgongo kwa upepo, na acha sekunde thelathini za mtaa mtupu mwanzoni ili upate pa kukatia. Anayetengeneza singeli, muziki uliozaliwa mitaa ya Dar na unaokimbia mapigo 200 kwa dakika na zaidi, atajua la kufanya na mapigo hayo.

Kwa maneno, panda daladala, si mwendokasi. Mwendokasi, usafiri wa mabasi yaendayo haraka ulioanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ni mzuri kwa kutazama nyuso na nje ya dirisha, lakini hauna konda wa kupigizana naye kelele. Kwenye daladala kaa kiti cha ndani, katikati ya gari, wala si mlangoni: pale mlangoni utasikia konda tu, katikati utasikia konda na abiria wanaomjibu. Andika sentensi zilivyosemwa, pamoja na kuvunjika kwake. Usizisahihishe sarufi. Baada ya kushuka nakili maandishi ya kioo cha nyuma. Na ukitaka maongezi marefu, kijiwe cha kahawa: lipa kikombe, chukua kashata, kaa pembeni ya benchi, nyamaza. Simba na Yanga zitatajwa kabla kikombe hakijapoa, na hapo utasikia watu wenye hoja za hali ya juu kuhusu jambo lisilo na ushahidi. Usitoe daftari kijiweni. Maongezi hufa papo hapo. Andika ukishaondoka, ndani ya robo saa, kabla maneno hayajageuka kuwa yako.

Nyumba ya vyumba sita

Mwandishi wa hadithi au wa tamthilia aende Magomeni, Ilala au Temeke akaielewe nyumba ya Kiswahili. Ramani yake ni rahisi: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu unaokata nyumba, vyumba vitatu kila upande, nyuma ua wenye jiko, choo na pa kuanikia. Chumba kimoja familia moja au mpangaji mmoja. Mita ya Luku, ya umeme wa kulipia kabla, ni moja, na hapo hadithi imeshaanza: nani ana friji, nani anapiga pasi kila siku, nani anadai yeye ana taa moja tu na analipa sawa na wengine. Chora ramani hiyo ukurasa mzima, weka mtu katika kila chumba, umpe kila mmoja kitu kimoja anachotumia uani na saa anayokitumia. Kabla hujafikiria kisa, saa zitakuwa zimegongana. Usiingie ua wa mtu kwa udadisi. Ua ni wa wenyewe. Baraza inatosha, na ukikaribishwa utakaribishwa.

Feri na pwani

Soko la samaki la Feri ni la alfajiri. Fika saa kumi na mbili na nusu, vaa viatu visivyoogopa maji. Kuna mnada, dalali anapandisha bei kwa kasi ambayo masikio mageni hayaipati; usijaribu kuandika tarakimu, andika ishara za mikono. Kusanya rangi za samaki kwa maneno kabla ya kuwa na rangi: jodari mgongoni, changu tumboni, pweza akiwa hai na akiwa ameshapigwa. Tahadhari ya kweli: Ikulu iko hapohapo Magogoni, na kivuko cha Kigamboni ni hatua chache. Usipige picha ya Ikulu, kambi, kituo cha polisi, bandari wala kivuko. Ukiwa upande huo, kamera mfukoni.

Coco Beach na miamba yake inategemea maji, si saa ya mkono. Siku za bamvua, zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hushuka zaidi ya mita tatu, na kupwa kabisa huangukia karibu saa nne au saa tano asubuhi. Miamba, vidimbwi na majani ya bahari vyote viko wazi. Kila siku inayofuata, saa hiyo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo na utakuta maji yamekaa tu. Wanaorudi wakisema hakuna cha kuchora walikwenda siku hizo. Vidimbwi vichorwe kwa umbo la ukingo wake, ukiangalia chini wima. Ukichora kwa mshazari, mng'ao wa mbingu unafuta kila kitu.

Kwa wanaotaka kuona mikono kazini, kuna wachoraji wa Tingatinga karibu na Oysterbay na wachonga vinyago wa Mwenge. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kwa rangi za mafuta juu ya mbao bapa za kiwandani, akafariki 1972, na waliofuata bado wanapaka mandharinyuma kwanza, wanaacha ikauke, ndipo mnyama anawekwa juu. Tazama mpangilio huo wa hatua kuliko mnyama mwenyewe. Mwenge, omba kushika kipande cha mpingo: kizito hadi kinazama majini, na rangi ya nje ni hafifu kuliko moyo wake mweusi. Kinyago chepesi cheusi pote ni mti mwingine uliopakwa dawa ya viatu.

Jioni

Usilale kabla ya kazi ya dakika ishirini. Kati ya vitu ulivyokusanya, zungushia duara vitano. Chagua kimoja, kisha fungua ukurasa wa wiki iliyopita bila kutazama na uchague cha pili. Viweke pamoja: tundu la hewa la Kisutu na mapigo ya muuza karanga, jina la kanga na mpangaji wa chumba cha nne. Fanya kitu kidogo kutokana na hivyo viwili, aya moja, mchoro wa kiganja, sekunde ishirini za sauti. Kikigoma, badilisha cha pili tu, cha kwanza kibaki. Picha za simu zifute zisizo na sababu usiku uleule; ukiziacha zikafika elfu, hutazifungua.

Masika yakianza, Machi hadi Mei, barabara za Jangwani hujaa maji na njia nyingi kati ya hizi hazipitiki. Hapo hamia Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yaliyofunguliwa mwaka 1940, au ukipata siku kavu nenda Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, ambako nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi. Utaratibu ni uleule: kitu kimoja. Kwa kijiji kile ningeanza na namna mlango unavyofungwa, nyumba kwa nyumba.